Kutembea Mwanza ni Shilingi Ngapi?

Shemeji yangu alikuja Mwanza likizo ya Juni akitokea Dodoma, na watoto watatu, na swali lililonishinda kulijibu papo hapo: "Shemeji, hapa kwenu mtu anatembea wapi bila kukwepa pikipiki?" Mimi ni mzaliwa wa Butimba, ziwa naliona kila siku ya Mungu, lakini nikabaki nahesabu kichwani. Saanane ipo, ila lazima uvuke maji. Capri Point ipo, ila uwahi. Fukwe za Ilemela zipo, ila ukikaa uagize kitu. Baiskeli ninayo, tena moja, na wao ni wanne. Usiku ule nilichukua daftari la zamani la mwanangu nikachora mistari: mahali, nauli, kiingilio, chakula, muda. Kwa wiki mbili walizokaa kwetu tuliujaza ukurasa mzima, mke wangu akisoma risiti, mimi nikiandika.

Tulipojumlisha, tuliona kitu ambacho sikukitarajia. Kiingilio, ambacho kila mtu hukiuliza kwanza, ndicho kilichokula fedha kidogo kuliko vyote. Kilichokula ni kuvuka, kukaa na kuchelewa.

Nianze na Saanane, kwa sababu ndiko watoto walikotaka kwenda na ndiko hesabu yake ilikoniumiza kichwa zaidi. Ni kisiwa cha mawe kilichoko kama kilomita mbili kutoka katikati ya jiji, na ndiyo hifadhi ya taifa ndogo kuliko zote Tanzania: kilomita za mraba 2.18, maji yakiwemo ndani yake. Jina ni la Mzee Saanane Chawandi, aliyekuwa akiishi na kulima pale kabla kisiwa hakijafanywa bustani ya wanyama mwaka 1964, ya kwanza nchini. Mwaka 1991 kikawa pori la akiba, na mwaka 2013 kikapandishwa kuwa hifadhi ya taifa chini ya Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA). Wazee wa jiji hili walipelekwa kule na shule wakiwa na kaptula. Sasa wanawapeleka wajukuu.

Unachonunua Saanane ni kutembea. Hili nalisisitiza kwa sababu watu wengi hulinganisha kisiwa hiki na Serengeti, na ulinganisho huo unakipunja. Lango la Serengeti la Ndabaka liko kwenye barabara ya Musoma, mwendo wa kama kilomita 140 kutoka mjini. Kiingilio cha Serengeti kwa Mtanzania mtu mzima nilikizoea kuwa shilingi 10,000 kabla ya kodi, bei ambayo haimtishi mtu mwenye kipato cha kawaida. Lakini Serengeti huingii kwa miguu. Unahitaji gari, gari linahitaji mafuta na dereva, nalo gari lenyewe linatozwa. Ukimaliza kulipa vyote, umelipia kukaa kwenye kiti siku nzima. Ni safari nzuri, nami nimewahi kuifurahia, ila miguu yako haifanyi kazi yoyote. Saanane unashuka kwenye boti na kuanza kupanda. Njia zinapita chini ya miti, kisha zinaingia kwenye miamba ambayo mahali pengine unaipanda kwa mikono na magoti. Pimbi wamejaa juu ya mawe wakiota jua. Swala pala wanakula majani hatua chache kutoka ulipo, tumbili wanakutazama, kenge anakatiza njia bila haraka. Ukifika juu unaliona jiji lote: hospitali ya Bugando kilimani, nyumba za Igogo na Mabatini zimebandikwa kwenye mawe kama zimeota hapo, kivuko kinakata maji kuelekea Kamanga, na furukombe anapiga kelele juu ya kichwa chako.

Sasa bei. Makao ya hifadhi yako Capri Point na boti zinaanzia hapo. Kwenye hifadhi za TANAPA mtoto chini ya miaka 5 haingizwi kwenye malipo, wa miaka 5 hadi 15 hulipa bei ya mtoto, na aliyetimiza 16 ni mtu mzima. Wetu walikuwa na miaka minne, tisa na kumi na sita. Yule mkubwa, ambaye nyumbani bado anatumwa dukani, langoni alihesabiwa pamoja nasi. Kwa hiyo familia ya watu sita ikawa watu wazima wanne, mtoto mmoja, na mmoja bure. Ukipanga bajeti kwa kusema tu "watoto watatu", utakosea kabla hujatoka nyumbani.

Kiwango cha kawaida cha kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ni asilimia 18, na bei nyingi zinazotajwa midomoni ni za kabla ya kodi. Ukiambiwa elfu tano bila kodi, mkononi itatoka 5,900. Kwa watu wanne hiyo tofauti ndogo inakuwa 3,600, na kwa hela hiyo watoto wote wanapata soda. Uliza: bei hii ina VAT au haina? Raia wa Afrika Mashariki hulipa kwa shilingi na mgeni wa nje hulipa kwa dola, kiasi kikubwa mara nyingi zaidi, hivyo kitambulisho chako kiwe mfukoni. Usiende na mafungu ya noti ukidhani kuna dirisha la kupokea: malipo hupita kwa kontroo namba, kwa simu au kwa kadi, na ukifika huna salio la kutosha mtasimama juani mkipigiana simu.

Boti ndiyo mama wa hesabu. Injini hainywi mafuta kwa kufuata idadi ya vichwa. Inakunywa kwa safari. Kwa hiyo kabla hujauliza "bei gani?" uliza bei inahesabiwaje, kwa kichwa au kwa boti nzima. Tuchukue mfano wa hesabu tu: safari ya kwenda na kurudi ikiwa 60,000 kwa boti nzima, wachumba wawili watatoa 30,000 kila mmoja, sisi sita tungetoa 10,000, na kikundi cha kwaya cha watu kumi na wawili wangetoa 5,000. Kisiwa ni kilekile na pimbi ni walewale. Ndiyo maana nawaambia majirani zangu kwamba Saanane si mahali pa kwenda peke yako ukitaka kubana matumizi. Subiri shangazi waje, jiunge na wenzako wa kazini, ongea na mwalimu wa darasa la mtoto. Na ukifika mapema siku ya mapumziko ukakuta familia nyingine inasubiri, salimianeni, mwombe mpande pamoja.

Somo hili nililipia fedha zangu, na si kwa watu wa hifadhi. Miaka kadhaa iliyopita nilimchukua mke wangu kwenye boti ya mtu binafsi, jioni, tukalione jua linavyozama nyuma ya vilima vya Sengerema. Tulikubaliana bei tukiwa nchi kavu. Tulipokuwa mbali majini yule bwana akasema ile ilikuwa ya kwenda tu. Utabishana vipi na mtu aliyeshika usukani, giza linaingia, na jaketi okozi mliyopewa ni moja? Nililipa. Tangu siku hiyo maneno yangu ya kwanza kwa mwenye boti yeyote, baada ya shikamoo au mambo, ni haya: kwenda na kurudi ni jumla ngapi, na jaketi ziko wapi? Nahesabu jaketi kwa kidole. Zikipungua, naondoka, hata watoto wakilia.

Chakula cha Saanane beba mwenyewe. Sisi tulibeba viazi vitamu vya kuchemsha, michembe na karanga alizotengeneza mama mkwe, mayai, na maji kwenye madumu madogo. Jumla yake haikufika gharama ya sahani mbili za chipsi kuku mjini. Kumbuka tu kwamba mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019. Weka vitu kwenye kikapu au kitambaa, na takataka zako zirudi nawe Capri Point.

Siku mbili baadaye tulikwenda fukwe za Ilemela, kwenye hoteli moja ya ufukweni, na huko ndiko nilikoelewa maana ya mahali pasipo na kiingilio. Langoni hatukulipa kitu. Kijana aliyetupokea alisema "karibuni sana", akatuvutia viti, akaleta orodha ya vinywaji. Soda ambayo dukani mtaani kwangu ni 700 ilikuwa 2,000. Sita mara 2,000 ni 12,000. Watoto wakaomba chipsi, shemeji akaona aibu kukaa bila kuagiza samaki, na ilipofika jioni tulikuwa tumetumia zaidi ya siku ya Saanane bila boti. Simlaumu mwenye hoteli. Ametengeneza bustani, analipa wafanyakazi, vyoo vyake ni visafi. Ila tuseme ukweli: pale kukaa ndiko kiingilio. Na kutembea hakuna, kwa sababu ukienda hatua mia moja kando ya maji unakuta ukuta wa jirani.

Ukuta ule unanikera. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, mto au bahari. Nia yake ni kulinda maji na mazalia ya samaki, lakini mwenye macho anaona kwamba mita hizo 60, zikiheshimiwa kutoka Luchelele hadi Igombe, zingekuwa pia njia ndefu ya kutembea na kupanda baiskeli ambayo jiji lisingehitaji kununua kiwanja kuipata. Watoto wa Mwanza wangekua wakilijua ziwa lao kwa miguu. Kwa sasa wengi wanalijua kwa kulichungulia kati ya nyumba mbili. Nalisema hili kama baba, na nitaendelea kulisema kwenye mikutano ya mtaa.

Capri Point basi. Hapa ndipo bure ilipo bure kweli. Barabara inazunguka rasi, nyumba za zamani zimejificha chini ya miti mikubwa, upande mmoja mawe, upande mwingine maji. Kuanzia saa kumi na mbili asubuhi unakuta watu wanakimbia mchakamchaka, wazee wanatembea na fimbo zao, wasichana wamevaa raba wanapanda kilima wakihema. Unaweza kuunganisha na matembezi ya chini mjini hadi kwenye Mwamba wa Bismarck, ule mrundikano wa mawe majini karibu na kivuko cha Kamanga ambao wakoloni waliupa jina la kansela wa Kijerumani. Gharama yake ni usingizi. Ikifika saa mbili magari yanaanza kushuka kwa kasi kwenye kona, na sehemu nyingi hakuna njia ya pembeni ya watembea kwa miguu. Mtoto lazima umshike mkono. Saa nne jua limeshapanda na raha imekwisha. Kutoka Butimba tulipanda daladala. Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA) ilipopandisha nauli Desemba 2023, safari ya hadi kilomita 10 ilitoka 500 kwenda 600. Kwenda na kurudi ni 1,200 kwa mtu mzima. Kwa siku nzima ya familia, hiyo ndiyo gharama pekee tuliyoandika, pamoja na kahawa ya birika niliyomnunulia shemeji kwa sababu alitaka kuionja.

Nimeiacha baiskeli mpaka sasa kwa makusudi, maana yenyewe haihesabiki kwa siku moja. Ukanda huu wetu ni wa baiskeli. Shinyanga na hata pembezoni mwa Mwanza, neno daladala lilimaanisha pia baiskeli yenye keria ya kubeba abiria. Mkulima wa Kisukuma alinunua baiskeli baada ya kuuza pamba, akamfunga mkewe khanga mpya, na wote wawili wakaenda sokoni juu ya keria ileile. Yangu niliinunua mtumba kwa 180,000. Gawanya kwa 1,200 ya daladala: ni safari 150. Mtu anayeitumia kutembea Jumapili tu atangoja karibu miaka mitatu kurudisha fedha yake. Anayekwenda nayo kazini siku sita kwa wiki atazirudisha ndani ya wiki 25. Kwa hiyo ukiniuliza kama ununue baiskeli kwa ajili ya matembezi ya wikiendi peke yake, nitakuambia hapana, azima au kodi. Ukiniuliza kwa ajili ya maisha, nitakusindikiza dukani.

Kukodi kwa saa kupo mtaani, kwa fundi anayekufahamu. Kabla hujalipa, bonyeza breki zote mbili ukiisukuma, zungusha gurudumu uone kama linayumba, gusa spoku moja moja kuona zilizolegea, angalia cheni isiwe kavu, pandisha kiti mpaka mguu unyooke kidogo ukikanyaga pedeli. Fundi wetu alipoona nachunguza hivyo alicheka akasema, "Baba, wewe hutapata pancha njiani." Nilipata moja, Igoma. Ukienda mbali beba pampu, kiraka na gundi. Vikikosekana utasukuma kwa miguu, na siku nzima itaishia hapo.

Mimi na yule kijana wa miaka 16 tuliondoka alfajiri kwa baiskeli kwenda Bujora, Kisesa, kwenye Makumbusho ya Wasukuma, kama kilomita 20 kutoka mjini. Kwa macho yangu hii ndiyo thamani kubwa kuliko zote tulizoandika daftarini. Makumbusho yalianzishwa na Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada, aliyekusanya ngoma za watemi, viti vyao, zana za wahunzi na za waganga wakati ambapo wengi waliziona za kutupwa. Kanisa la pale limejengwa kwa umbo la msonge. Kuna kiingilio cha makumbusho na muongozaji anayekueleza tofauti ya Bagika na Bagalu, makundi mawili ya ngoma ambayo ushindani wao unaujaza uwanja kila Juni kwenye sherehe ya Bulabo. Ukienda wakati huo hutajutia hata senti. Ubaya ni njia yenyewe: barabara ya Musoma ina malori na mabasi, na mwendesha baiskeli anabanwa kwenye ukingo wa lami wenye mchanga. Mtoto wa miaka tisa nisingempeleka kwa baiskeli. Shemeji na wengine walikuja kwa daladala hadi Kisesa, wakatufikia tukiwa tumeshakunywa chai.

Kuna wanaopanga kwenda mbali zaidi, kwenye Daraja la J. P. Magufuli linalounganisha Kigongo na Busisi, lililofunguliwa tarehe 19 Juni 2025. Lina urefu wa kilomita tatu, na lina njia za watembea kwa miguu pembeni. Kutoka mjini kupitia Usagara ni zaidi ya kilomita 30. Wanaume wenye miguu ya chuma watakwenda na kurudi kwa siku moja. Familia ipande gari hadi Kigongo, itembee. Upepo ni mwingi huko, kofia ishikwe.

Shemeji aliwahi kuishi Nairobi, na kila jioni alinitajia Karura. Nilimsikiliza kwa wivu. Msitu wa zaidi ya hekta 1,000 katikati ya jiji, karibu mara tano ya Saanane, wenye njia zilizowekewa alama na baiskeli za kukodi getini, na kwa miaka mingi Mkenya mtu mzima aliingia kwa shilingi 100 za kwao, kama 2,000 za kwetu. Huhitaji boti, wala kuitisha kikundi. Lakini alinikumbusha pia kwamba msitu ule nusura ugawanywe viwanja, na kwamba mwaka 1999 Profesa Wangari Maathai alipigwa mpaka akatoka damu kichwani akiutetea. Bei ya shilingi 100 ilitanguliwa na malipo hayo.

Tulipofunga daftari, shemeji alipiga mstari chini ya Bujora, mtoto wa miaka tisa akapiga chini ya Saanane, na mke wangu akakataa kupiga popote mpaka vyoo vya kila mahali viandikwe. Hoja yake ni ya haki na nitairudia: Saanane na hotelini vipo, Bujora vipo, Capri Point ukishatoka nyumbani umetoka. Mwenye watoto wadogo aiweke hiyo kwenye hesabu kama anavyoweka nauli. Na yeyote asidanganywe na joto la mchana kuwaruhusu watoto waoge kwenye kingo zenye majani. Kichocho kipo ziwani, na mamba wapo.

Siku ya mwisho kabla ya basi la Dodoma, yule wa miaka minne aliamka wa kwanza. Saa kumi na mbili na nusu tulikuwa Capri Point, sote sita, yeye begani kwangu. Boti ya kwanza ya Saanane ilikuwa inapasha injini. Akaniuliza kama pimbi wameamka.